Nani Kasema Tunaiga?

Wenzangu wa kalamu, leo naja na ugomvi. Kuna elimu ambayo wahandisi na wasanifu huwachunguza viumbe, wakaona wanavyotatua shida zao, kisha wakaitumia siri hiyo kwenye majumba na mashine. Wenyewe Wamarekani wamehangaika na jina lake. Otto Schmitt aliiita biomimetiki miaka ya 1950. Mwaka 1958 Jack Steele akaleta bioniki. Miaka ya 1970 mchezo wa televisheni ukaliteka neno hilo, watu wakadhani ni habari za jamaa mwenye mkono wa chuma. Mwaka 1997 Janine Benyus akatoa kitabu chake, Biomimicry, na jina hilo likashika.

Sasa sisi, wepesi wa kutafsiri, tunasema: "Uigaji wa maumbile." Kwisha kazi! Mimi nasema hapana.

Kwa Mswahili kuiga si sifa. Anayeiga ni kasuku. Tena tumeonywa: ukimwiga tembo kunya, utapasuka msamba. Kijana ataipendaje elimu ambayo jina lake lenyewe ni kejeli?

Lakini kejeli ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba jina hilo linadanganya. Tazama Eastgate, jengo la Harare lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alivutiwa na vichuguu vya mchwa. Usiku feni zinavuta hewa ya baridi, zege nzito linapoa, na mchana ubaridi huo unawafaa waliomo. Mwaka 2008 Scott Turner na Rupert Soar wakaandika kwamba kichuguu hakifanyi kazi hivyo: kinawasaidia mchwa kupumua, kama pafu, joto la kiota linatulizwa na ardhi. Je, jengo likaanza kuchemka? Wapi! Kama kazi ilikuwa kuiga, Pearce apewe sifuri. Kama kazi ilikuwa kujifunza, kafaulu.

Na Schmitt huyo huyo? Miaka ya 1930, akiwa bado mwanafunzi, alichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi, akabuni sakiti ya umeme inayotumika mpaka leo. Hebu ifungue sakiti hiyo, umtafute ngisi, uniletee.

Wapo watakaosema, basi tuite "ilhamu ya maumbile". Ah, hilo pana mno! Hata anayechora jani kwenye chupa ya sabuni atadai ilhamu, apandishe bei. Neno lisilomkataa mtu halilindi kitu.

Mimi natoa langu: udurusu wa maumbile. Anayedurusu haigi daftari; anatafuta maana yake, halafu anakwenda kujibu swali jingine kabisa. Na jengo lenye umbo la samaki bila siri ya samaki, liitwe pambo.

Mtaniambia hayo ni maneno tu. Maneno tu? Sisi tunaoandika tunaishi kwa nini, kwa mihogo? Ukimwambia mtoto wa Manzese au Kariobangi akiige kichuguu, atatazama umbo, achore, aondoke. Ukimwambia akidurusu, atauliza: hewa inapita wapi?

Anayebisha alete neno lake. Wino ninao.