Wastani hautoshi: tupime pia kuyumba kwa bei Bunia

Mjini Bunia mtu akifilisika sokoni, lawama ya kwanza huangukia ughali wa maisha. Naona lawama hiyo imekosa shabaha. Bei kubwa inayokaa mahali pamoja watu huizoea, kwa uchungu lakini huizoea: mama hupunguza kipimo, muuzaji hubadili bidhaa, fundi hupandisha ujira. Kinachokula mtaji ni bei isiyotulia. Tuchukue mfano wa mama anayenunua bidoni ya mafuta ya mawese kwa dola 30, siku ambayo dola moja ni faranga 2,700. Amelipa faranga 81,000. Anaiuza chupa kwa chupa, kwa faranga, wateja wengine kwa deni, na baada ya siku kumi amekusanya 88,000. Daftari linasema amepata faida ya 7,000. Akirudi kwa muuzaji wa jumla anakuta dola imefika 2,950, na bidoni ileile sasa ni faranga 88,500. Faida yote imekwenda, tena anatafuta 500 za kuongezea ili arudi pale alipoanzia. Hakuibiwa, hakupunjwa, wala hakukosea hesabu. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni kujua dola inaweza kuyumba kiasi gani ndani ya siku kumi.

Watu wa sayansi waliacha zamani kuridhika na wastani. Mkemia haishii kusema kwamba mafuta yanashika moto. Anapima ni upesi gani yanageuka mvuke, na katika joto gani mvuke huo unawaka. Mvuke wa petroli unaweza kulipuka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mazuti haishiki moto kwa cheche mpaka ipashwe kupita nyuzi 50. Kwa hiyo zile chupa za petroli ambazo akina Kadhafi, wauza petroli wa mtaani, wanazipanga juani kandokando ya barabara ni jambo jingine kabisa na madumu ya mazuti, ingawa sote tunaita vyote mafuta. Mhandisi naye hajengi gati kwa kufuata kimo cha wastani cha ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ziwa Albert lilipanda sana, kama Ziwa Victoria lililoongezeka zaidi ya mita mbili, na kuanzia 2019 maji ya maziwa haya yakapanda tena. Mkazi wa Kasenyi au Tchomia, kando ya Ziwa Albert, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba wastani wa miaka hamsini hauzuii maji kuingia chumbani. Na fundi wa umeme anajua kuwa volti 220 za wastani zinaweza kuwa 160 jioni na 280 usiku wa manane. Zinazounguza friji ni hizo mbili. 220 haijawahi kuunguza kitu.

Uchumi ulichelewa kidogo kufika hapo. Mwaka 1900, jijini Paris, Louis Bachelier aliandika tasnifu iliyopima mwendo wa bei kwa hesabu za bahati nasibu. Alionyesha kwamba bei ikitembea bila mwelekeo maalumu, upana wa kuyumba kwake haukui sambamba na muda: muda ukiongezeka mara nne, kuyumba huongezeka mara mbili. Jambo hilo lina maana hata kwa muuza sukari. Anayekopesha kwa wiki nne hahitaji kinga mara nne ya anayekopesha kwa wiki moja. Mara mbili inatosha. Lakini inatosha siku za utulivu tu, na ndipo alipoingia Robert Engle, Mmarekani aliyechunguza mfumuko wa bei wa Uingereza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982. Aliona kwamba mitikisiko haitawanyiki ovyo: mtikisiko huvuta mtikisiko, na utulivu huvuta utulivu, kwa hiyo ukubwa wa kuyumba wenyewe unaweza kukadiriwa hata pale ambapo bei yenyewe haitabiriki. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Faranga yetu inamthibitisha Engle kana kwamba alikuwa akiitazama. Kati ya 2012 na 2015 dola ilikaa karibu na faranga 920, watu wakasahau hofu. Kisha 2016 na 2017 ikapanda hadi karibu 1,600. Ikatulia 2018 na 2019. Mwaka 2020 ikakimbia kuelekea 2,000, ikatulia tena miaka miwili, kisha 2023 ikavuka 2,600, hata Benki Kuu ya Kongo ikapandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25 mwezi Agosti. Mwishoni mwa 2025 kibao kikageuka: dola iliyokuwa karibu na 2,850 ikashuka chini ya 2,500 kwa wiki chache. Wengi walishangilia. Ila anayelipwa dola 100 alijikuta ana faranga pungufu, na bei za sokoni, zilizokuwa zikipanda siku ileile dola inapopanda, hazikushuka kwa kasi ileile. Ukichora wastani wa miaka hii yote utapata mstari mzuri unaopanda polepole. Mstari huo haufanani na maisha ya mtu yeyote wa Bunia.

Wapo watakaosema dawa ipo tayari: tufanye biashara kwa dola, kama wanavyotumia shilingi ya Uganda kule Aru na Mahagi. Kwa mwenye duka la jumla, sawa. Lakini chumvi ya jioni, nauli ya pikipiki na sabuni hununuliwa kwa faranga, na ujira wa kibarua ni faranga. Dola inamkinga aliye juu na kumwachia aliye chini mtikisiko wote. Wengine watadai serikali ikaze bei ya dola iwe moja. Nchi yetu ilipoitwa Zaire ilijaribu miaka mingi kuwa na kiwango cha benki huku mtaani kukiwa na chake, fedha ikaporomoka hata hivyo, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa faranga moja.

Hoja nzito zaidi ni ya vita. Barabara ya Mahagi au ya Komanda ikifungwa kwa shambulio, bei ya unga hupanda jioni hiyohiyo. Basi kwa nini tupime bei badala ya kudai amani? Amani lazima idaiwe, na hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Mei 2021 haijatuletea hata barabara ya kuaminika. Hata hivyo vita haielezi kila kitu. Aprili 2013 dhahabu iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 10 katika siku mbili za biashara kwenye masoko ya dunia, bila risasi kulia popote, na bei ya dhahabu kwenye machimbo yetu ya Mongbwalu hufuata masoko hayo. Na kama barabara hufungwa ghafla, hiyo ni sababu ya kupima zaidi.

Kupima hakugharimu sana. Benki Kuu hutangaza kiwango cha dola kila siku ya kazi, lakini namba moja haimwambii muuzaji ajikinge kwa kiasi gani. Chuo cha ualimu cha ISP Bunia kina wanafunzi wanaojua hesabu, na kina Radio Candip. Wanafunzi hao waandike kila asubuhi bei ya dola mtaani, na ya unga wa muhogo, maharage, mawese na petroli. Na kila Jumamosi redio itangaze kwa Kiswahili, pamoja na wastani, bei ya chini na ya juu ya wiki, na kama pengo kati yake linapanuka au linapungua. Wabadilishaji fedha tayari wanalijua pengo hilo na wanaishi nalo. Muuza mawese ana haki ya kulijua kabla hajakubali kuuza kwa deni.