Ajali za pikipiki zinafilisi familia za Kasongo na Kabambare



Hili ni lalamiko la watu wa Wamaza, jimboni Maniema.

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori, ndiyo ambulansi. Inapeleka mchele na madumu ya mawese sokoni, inapeleka wachimbaji dhahabu Salamabila, usiku inamkimbiza mama mwenye uchungu wa uzazi. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200, na mvua ikinyesha malori hukwama matopeni. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, hupakia abiria wawili, mtoto katikati, mzigo nyuma. Kofia ngumu, ikiwapo, ni ya dereva peke yake.

Usiku wa tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange, kusini mwa Bukavu, likaua watu zaidi ya 230. Oktoba 2018 lori jingine la mafuta liligongana na gari huko Mbuba, kwenye barabara ya Kinshasa na Matadi, wakafa watu wapatao 50. Taifa liliomboleza mara zote mbili. Lakini watu wa Maniema wanakufa mmoja mmoja, leo mlimani, kesho darajani, na kwa vifo hivyo hakuna kiongozi anayetoka ofisini.

Kwa wanaonusurika nao, gharama huanza pale ajali inapodhaniwa imekwisha.

Mguu uliovunjika hautibiwi kwa siku moja. Familia hulipia safari, dawa, picha ya mifupa, plasta, pamoja na chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza. Katika hospitali nyingi za Kongo, mgonjwa aliyekwisha kupona huzuiliwa mpaka deni lilipwe, na wakati huo shamba lake linaota magugu. Huuzwa mbuzi kwanza, kisha baiskeli, mwishowe shamba. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, lakini ya sekondari ina karo, kwa hiyo mtoto mkubwa anarudi nyumbani. Aliyevunjika akiwa ni motari, mara nyingi pikipiki yenyewe si yake, na mwenye chombo bado anadai fedha zake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, theluthi mbili yao wakiwa na umri wa kufanya kazi, kati ya miaka 18 na 59. Kwa nchi nyingi hasara ya ajali hizo hufikia asilimia 3 ya pato la taifa. Kwa nyumba moja ya Kabambare, hasara inaweza kuwa pato lote.

Na sheria ipo. Ile ya tarehe 5 Januari 1973 inalazimisha kila chombo cha moto kiwe na bima ya kuwalipa wanaoumizwa. SONAS, kampuni ya bima ya serikali, iliuza bima peke yake kwa miaka mingi, mpaka sheria ya 2015 ilipofungua soko kwa kampuni nyingine. Lakini vijijini bima inajulikana kama karatasi ya kumwonyesha polisi kwenye kizuizi cha barabarani. Mjane wa aliyekufa ajalini hajui kwamba ana haki ya fidia, wala hakuna anayemwambia aidai wapi.

Kuna pia FONER, mfuko wa kutengeneza barabara ulioanzishwa 2008, unaopata fedha kutokana na tozo ya mafuta na ushuru wa njiani. Wananchi wanachangia, mashimo yanabaki palepale.

Kwa hiyo serikali ya jimbo, kule Kindu, iwatangazie wananchi ni kiasi gani cha fedha za barabara kimefika Kasongo na Kabambare, na kimefanya kazi gani. Polisi wa barabarani wakague bima na kofia mbili kwa kila pikipiki, ya dereva na ya abiria, badala ya kukusanya franga na kuruhusu safari iendelee. Kofia iliyovaliwa vizuri hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Vyama vya wamotari vimsaidie kila majeruhi au mjane kuandika madai yake ya bima, visimwache peke yake. Na hospitali zimtibu majeruhi kwanza, habari ya malipo ifuate.

Wabunge wa Kasongo na Kabambare wanasoma gazeti hili. Wananchi wanangoja majibu yao.

Msomaji wenu,
Wamaza, Maniema