Shukrani haiamrishwi
KUTOKA MILIMANI, na Eliamani Mshana

Kijana wa kidato cha pili akiacha mpira, akashinda amelala na kufoka kwa neno dogo, hapa Ugweno, kwenye milima ya Upare, tutasema ni mvivu. Akilalamika, ataambiwa ashukuru: sisi tulikwenda shule pekupeku, yeye ana viatu. Pengine kijana huyo ana sonona, na sasa anaona aibu hata kwa huzuni yake. Hatasema tena.

Inauma, kwa sababu shukrani inayotoka moyoni mwa kijana mwenyewe inaweza kusaidia kweli. Huko Kenya, mpango wa Shamiri, ambao Tom Osborn ni mmoja wa waasisi wake, uliwakusanya wanafunzi 413 wa sekondari wa miaka 13 hadi 18 wenye dalili za sonona au wasiwasi. Kwa wiki nne, saa moja kila wiki, baadhi yao walizungumza katika vikundi: kwamba mtu anaweza kubadilika, wana nini cha kushukuru, wanathamini nini maishani. Wenzao walifundishwa mbinu za kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wale wa kwanza walipata nafuu zaidi, na miezi saba baadaye tofauti bado ilikuwepo.

Walioongoza vikundi hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka sekondari juzijuzi, wakapewa mafunzo na kusimamiwa.

Vijana kama hao tunao hapa kwetu, Shighatini, Kifula na Msangeni. Humaliza kidato cha nne Novemba, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Kipindi chote hicho wako nyumbani, na wanajua mdogo wao anaogopa nini kuliko sisi wazazi tunavyojua. Wazee wetu waliwapeleka vijana mshitu, yaani jando la msituni, wakafundwa pamoja. Hawakumwachia kila mmoja ajitafutie utu uzima peke yake.

Naiomba Halmashauri ya Mwanga ianze mpango kama huo kwenye shule chache za huku juu. Walimu wa ushauri nasaha na wauguzi wawaandae vijana hao na kuwasimamia, sisi wazazi tuchangie nauli na chakula chao kama tunavyojitokeza kwenye msaragambo, kazi zetu za pamoja. Mazungumzo hayatajaza tumbo lenye njaa wala kufuta alama za fimbo, matatizo hayo tuyashughulikie yenyewe. Na kijana anayetamka kwamba hataki kuishi asingojee kikao cha wiki ijayo: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa na mtu mzima anayemwamini, na njiani asihubiriwe.