Kunyamaza Si Adabu

Katika nchi yetu kuna jambo moja ambalo kila mtu hulipitia, na ambalo karibu kila mtu hulipitia peke yake. Jambo hilo ni kubalehe. Katika muda wa miaka michache mtoto hujikuta na mwili mwingine, sauti nyingine na fikira nyingine. Wale waliomtangulia katika njia hiyo, yaani wazazi wake, walimu wake na viongozi wake wa dini, humtazama wakanyamaza. Akiuliza, huambiwa kwamba anauliza mambo ya aibu. Asipouliza, husifiwa kuwa ana adabu. Sisi tunasema kwamba kunyamaza huko si adabu, wala si mila ya nchi hii, na kwamba gharama yake hulipwa na watoto.

Tutazame Lukozi, katika Wilaya ya Lushoto, juu ya milima ya Usambara. Ni mahali pa baridi na ukungu, penye mashamba ya mboga na viazi katika miteremko, na soko ambalo malori hupakia mazao kwenda Tanga na Dar es Salaam. Kijana wa Lukozi hujua mengi mapema. Mwenye miaka 13 aweza kukueleza wakati wa kuhamisha miche ya kabichi, ugonjwa unaokausha majani ya viazi, na jinsi ya kumsaidia ng'ombe anayezaa kwa shida. Lakini huyo huyo hana mtu wa kumweleza yanayotokea katika mwili wake mwenyewe.

Yanayotokea hayana fumbo lolote. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hupeleka amri, na mwili huanza kutengeneza kwa wingi kemikali ziitwazo homoni. Kwa wasichana wengi mabadiliko huanza kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Msichana huota matiti, kisha huvunja ungo. Na katika miaka miwili ya kwanza hedhi yake huweza kuja na kuchelewa bila ya kufuata hesabu. Mvulana hukatika sauti, huota ndevu, na usiku huweza kutokwa na manii katika ndoto. Tena wavulana wengi huvimba kifua kwa muda, na uvimbe huo kwa kawaida hutoweka wenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili.

Fikirini basi mvulana ambaye hakuambiwa hayo. Anaona kifua chake kikivimba, naye anadhani anageuka kuwa mwanamke. Anaogopa kuvua shati mtoni, anaogopa michezo, anaogopa wenzake. Fikirini msichana ambaye hedhi yake imechelewa, hali hajapata kumkaribia mwanamume. Anatetemeka kwa hofu ya mimba isiyokuwapo. Sentensi mbili za mtu mzima zingewaondolea watoto hawa mateso ya miezi. Sentensi hizo hazisemwi, nasi twajiita walezi.

Wako wanaodai kwamba kuzungumza na vijana juu ya mambo haya ni tabia ya kigeni. Madai haya yanatuonyesha jinsi tulivyoisahau historia yetu. Katika kaskazini mashariki ya nchi yetu, Usambara ikiwamo, wari walifundishwa kwa ngoma, kwa mafumbo na kwa vinyago vya udongo, na kila kinyago kilikuwa na wimbo wake na funzo lake. Hans Cory alikusanya vinyago vya namna hiyo, na mwaka 1956 kilitoka kitabu chake juu yavyo. Katika pwani, somo na kungwi walikuwa walimu wenye heshima. Hayati Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa uimbaji, lakini kwao alijulikana pia kuwa mwalimu wa unyago. Mwaka 1858 Mwana Kupona alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake. Shaaban Robert, mwana wa mkoa wetu wa Tanga, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Je, hawa wote walikuwa wageni?

Ukweli ni kwamba ukimya ndio uliokuja baadaye. Wamisionari wa Kijerumani walipofungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, pamoja na mema waliyoyaleta, waliziona ngoma za wari kuwa giza la upagani. Wakoloni wakaleta shule iliyofundisha kusoma, kuhesabu na kutii, ikauacha mwili nje ya mlango. Wazazi wakasema, shule itafundisha. Shule ikasema, wazazi watafundisha. Kati ya milango hiyo miwili mtoto akabaki uani. Hata leo somo la biolojia huchora viungo ubaoni, likavitaja majina, likapita. Na mwanafunzi aliyepata alama zote katika mtihani bado hana pa kuuliza juu ya hofu yake.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitukumbusha thamani ya utamaduni wetu. Lakini katika hotuba ile ile alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Maneno hayo yanawajibu watu wa aina mbili: yule anayedharau kila kilicho chetu, na yule anayeogopa kila kilicho kipya.

Hatusemi kwamba turudishe unyago wa zamani kama ulivyokuwa. Mafunzo yale yalikuwa na kasoro, tena kubwa. Msichana alifundishwa zaidi namna ya kumridhisha mume kuliko namna ya kujilinda nafsi yake. Alifundishwa kukubali, hakufundishwa kukataa. Mahali pengine nchini mafunzo yaliandamana na ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 imeuharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Mara nyingi mwari akitoka ndani alihesabiwa kuwa tayari kwa kuolewa, ingawa mwili wake ulikuwa bado wa mtoto. Tunachotaka kukirithi ni ile kanuni iliyokuwa chini ya desturi hizo: kwamba jamii ina wajibu wa kumpokea kijana mlangoni mwa utu uzima, na kumwambia ukweli.

Wako pia wanaosema kwamba ukimfundisha kijana utamfungua macho, naye atakimbilia zinaa. Twauliza: macho hayo yamefumbwa lini? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamepata kushika mimba. Ukimya tumeujaribu kwa miaka mingi, na hayo ndiyo mavuno yake. UNESCO, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 uliopitia tafiti za nchi nyingi, ilieleza kwamba elimu ya namna hii haiwaharakishi vijana kuanza kujamiiana. Na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, hakuna mtu mwenye akili awezaye kusema kwamba kutokujua ni kinga.

Tumekuwa hodari wa kuadhibu kuliko kufundisha. Kwa miaka mingi msichana aliyeshika mimba alifukuzwa shule; mlango huo ulifunguliwa tarehe 24 Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe kabla ya kutimiza miaka 18, vinapingana na Katiba. Hatua hizi ni za haki, nasi twaziunga mkono. Lakini jela huja baada ya dhara, na hukumu huja baada ya machozi. Neno la mzazi laweza kuja kabla.

Tuje sasa katika jambo ambalo huwatia watu hofu zaidi: swali la kijana asemaye moyoni, mimi ni mwanamume wa namna gani, mimi ni mwanamke wa namna gani? Lugha yetu ina maneno mawili, nayo ni jinsi na jinsia. Watumiaji wengine huyachanganya, lakini tofauti yafaa kushikwa. Jinsi ni mwili aliozaliwa nao mtu. Jinsia ni yale ambayo jamii huyashona juu ya mwili huo: kazi hii ya kike, kazi ile ya kiume, huyu alie, yule asilie. Mshono huo si amri ya maumbile. Nyumbani tunamwambia mvulana kwamba kushona ni kazi ya wanawake, na nje barazani mafundi wa cherehani ni wanaume. Nyumbani tunamfukuza jikoni, na katika mahoteli makubwa wapishi wengi ni wanaume. Yaani kazi ikiwa haina malipo ni ya kike. Ikilipwa, inageuka kuwa ya kiume. Kijana anayeuona unafiki huu hana kosa; ana macho.

Basi mvulana mpole asiyependa kupigana, na msichana apendaye mpira na asiyejali mapambo, hawana ugonjwa wa kutibiwa kwa fimbo. Wengi wao wanatafuta tu namna yao ya kuwa watu wazima. Wapo pia wachache ambao hisia zao huelekea kwa wenzao wa jinsi moja, au ambao nafsi zao hazikubaliani na jinsi waliyoandikiwa walipozaliwa. Watu hao wako katika kila taifa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa mvuto wa jinsi moja katika orodha ya maradhi mwaka 1990, na mwaka 2019 likakubali kuiondoa hali hiyo ya pili katika fungu la maradhi ya akili. Sheria ya nchi yetu, ambayo mizizi yake ni ya ukoloni wa Kiingereza, huadhibu matendo. Haimwadhibu mtoto kwa hisia wala kwa swali. Mwalimu anayemdhihaki mwanafunzi wa namna hii mbele ya darasa hailindi sheria wala maadili. Anamfukuza mtoto kutoka kwenye mikono yake, na nje ya mikono yake wako wanaongojea.

Wala wasituambie kwamba wahenga hawakujua kuwa watu huumbwa kwa namna nyingi. Kiswahili kina neno huntha, kwa mtu aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume pamoja. Na wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi walijadili fungu la huntha katika mirathi. Hawakujadili kama yupo, bali walijadili haki yake. Tena Wasambaa wana kisa kikubwa zaidi. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia kwamba Mbega wa Nguu alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Ndugu zake walimwona kuwa nuksi, wakamtenga, akaenda zake na mbwa wake na mikuki yake. Wasambaa walimpokea, akawagawia nyama, akawaulia simba, wakamfanya mfalme wao huko Vuga. Mtoto aliyekataliwa kwa sababu mwili wake haukufuata hesabu ya wengi ndiye aliyeanzisha ukoo wa watawala. Ni ajabu kwamba watu wanaojivunia kisa hicho waweza bado kumzomea mtoto wa jirani kwa sababu ya sauti yake au mwendo wake.

Kazi ya walimu iko wazi. Wafundishe wavulana na wasichana pamoja juu ya mwili na juu ya heshima, kisha wawape nafasi ya kuuliza wakiwa mbali mbali. Wapokee maswali yaliyoandikwa bila jina, na wayajibu yote, hata yale yanayowatia haya. Wamfundishe msichana kwamba hapana yake ni neno kamili, na mvulana kwamba neno hilo linamhusu yeye. Wasitoe siri ya mtoto aliyewaamini, ila pale anapohitaji kulindwa na madhara. Na wazazi wasiseme kwamba hawakusoma: mama aliyezaa watoto watano ana elimu ya kutosha kuanza mazungumzo.

Nanyi wanafunzi, mnayo haki ya kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Akikataa mmoja, mwulizeni mwingine mnayemwamini; lakini msimwulize yule anayetaka jibu lake lilipwe kwa miili yenu.

Wasambaa wana usemi wa kale juu ya utawala: kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kuna kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme alipimwa kwa moja la hayo mawili. Leo hatuna wafalme Vuga, na kipimo kimebaki kwetu sisi tulio wazima. Mtoto wa Lukozi atafundishwa tu, kwa vyovyote vile. Atafundishwa na simu, au na dereva wa lori, au na wenzake wasiojua kama yeye asivyojua. Au atafundishwa nasi. Kila siku tunayonyamaza, tunawaachia wengine kazi hiyo, na nchi inaharibika mikononi mwetu.