Ufunguo wa Takwimu Zetu Uwe wa Taasisi

Takwimu za wajawazito zinazoandikwa katika vitabu vya MTUHA kule Kyimo, wilayani Rungwe, huingizwa katika DHIS2, mfumo uliojengwa kwa lugha ya Java. Programu yenyewe haitunzi takwimu hizo; huzichota kutoka hifadhidata ya PostgreSQL. Anwani, jina la mtumiaji na nywila ya muunganisho huo hukaa katika faili moja dogo, dhis.conf, nje ya programu. Ni mpango wa busara: toleo la programu hubadilika, muunganisho ukabaki.

Lakini nywila ikijulikana na fundi mmoja tu, akihamishwa na mfumo ukakwama, nani ataufungua? Watumishi wa umma hukabidhiana ofisi kwa maandishi. Nywila nazo zikabidhiwe vivyo hivyo, kisha zibadilishwe. Mali ya umma haikai mfukoni mwa mtu.