Bao, Karata na Gemu: Istilahi za Michezo Hutungwa Wapi?

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo mno kwa jarida la kitaaluma: lugha wanayoitumia watoto na vijana wa Kunduchi wanapocheza michezo ya kielektroniki, na hasa aina moja ya mchezo ambayo hadi leo Kiswahili hakijaipa jina lililokubalika. Ni mchezo wa watu wanne wanaoketi mbele ya runinga moja. Kila mmoja humchagua mhusika wake, hutupa dadu kwa zamu na kumsogeza mhusika huyo juu ya ubao uliochorwa njia. Wote wanne wakishatupa, ubao huondoka na shindano fupi la dakika moja hivi huanza: kukimbia, kuvuta kamba, kuokota vitu. Mshindi hupata sarafu, ubao hurudi, na raundi nyingine huanza. Sarafu 20 hununua nyota moja, na mwenye nyota nyingi ndiye mshindi. Mfano wake mashuhuri ni Mario Party, uliotengenezwa na kampuni ya Hudson Soft na kutolewa na Nintendo nchini Japani mwezi Desemba 1998. Baadaye ilifuata mingine ya jinsi hiyo, ukiwamo Sonic Shuffle wa mwaka 2000.

Zipo hoja mbili ambazo aghalabu hutolewa tunapozungumzia mambo haya katika vikao vyetu. Ya kwanza ni kwamba michezo hii ni ya wageni, kwa hiyo na itajwe kwa lugha ya wageni. Ya pili ni kwamba, ikiwa istilahi zinahitajika, basi ziundwe na chombo chenye mamlaka na kisha zishushwe kwa watumiaji. Kwa maoni yetu hoja zote mbili zinapingwa na historia ya Kiswahili chenyewe, na ushahidi wake upo katika michezo miwili ambayo kila msomaji wa jarida hili anaifahamu.

Tuanze na bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 zikiwa mkononi. Kuingiza kete moja baada ya nyingine ni kunamua. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia katika mtaji. Anayesogeza kete bila kula anatakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Shimo la mwisho la safu ya mbele ni kichwa, nalo pamoja na jirani yake huhesabiwa kuwa kimbi. Aliyemalizwa safu ya mbele hana tena la kufanya: huambiwa hamna. Akimalizwa kabla kete za kuingiza hazijakwisha, ushindi huo huitwa mkononi. Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden iliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, alitegemea msamiati huu katika uchambuzi wake, kwa sababu hauna mbadala. Tunasisitiza kwamba takriban istilahi zote hizi ni maneno ya kawaida ya Kiswahili yaliyoongezewa maana. Nyumba ni nyumba, kulala ni kulala, na hamna ni kitenzi cha umilikaji katika ukanushi kilichogeuzwa kuwa jina la kushindwa. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda. Yaliundwa barazani, na watu waliokuwa wakichekana.

Karata ni kisa tofauti, na kwa hoja yetu kina uzito zaidi, kwa kuwa karata hazikuwa zetu. Zilikuja na Wareno, na maneno yake yakaja nazo: karata yenyewe, kopa, uru, shupaza, pau, turufu. Wareno waliipoteza Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1698; maneno yao ya mchezo hayakuondoka. Lakini wachezaji wa pwani hawakuchukua kila kitu walivyokikuta. Maneno waliyoyachukua waliyapa umbo la silabi za Kiswahili, na pale walipoona haja wakatunga ya kwao: mfalme wa karata akaitwa mzungu wa nne, jina ambalo hatudhani kamati yoyote ingethubutu kulipendekeza. Leo magazeti ya Dar es Salaam huandika kuhusu mwanasiasa aliyetupa karata yake ya turufu au aliyecheza kete yake ya mwisho, na msomaji hahitaji kuelezwa. Mchezo uliopata lugha umeirudishia lugha hiyo tamathali. Hili ndilo tunalohofia kulikosa kwa michezo ya kizazi hiki.

Sasa turudi Kunduchi. Msomaji asiyeifahamu kata hii ya Kinondoni na aambiwe kwamba ni mahali penye mambo mengi kwa mpigo: kijiji cha wavuvi pwani, machimbo ya mawe, hoteli za kitalii, nyumba mpya zenye kuta ndefu, na magofu ya msikiti wa karne ya 16 pamoja na makaburi ya minara yaliyopachikwa vyombo vya kaure kutoka China. Bao bado linachezwa huko Pwani. Mabanda ya gemu yapo pia, na ndani yake mchezo unaotawala ni mpira wa miguu. Sababu yake ni ya kiuchumi kuliko ya mapenzi. Banda huishi kwa mechi fupi za watu wawili wenye pedi mbili. Aliyefungwa anampisha mwingine, na pesa inaingia. Mchezo wa dadu na ubao unahitaji pedi nne na hukaa saa nzima au zaidi. Hakuna mwenye banda atakayeukubali. Kwa hiyo huchezwa sebuleni, kwenye nyumba zenye uwezo, na watoto wa majirani huingia humo kama watazamaji hadi wapate zamu.

Tofauti hii ina matokeo ya kiisimu. Mchezo wa mpira hauhitaji kusomwa. Sheria zake mtoto alizijua uwanjani kabla hajashika pedi, na msamiati wake wa Kiswahili umekamilika tangu zamani: bao, kona, penalti, kuotea, kipa. Mchezo wa ubao na mashindano mafupi ni kinyume chake. Kila baada ya dakika chache huja ukurasa mpya wa maelezo: shindano hili ni la mmoja dhidi ya watatu au la wawili wawili, kitufe hiki kinaruka, kile kinapiga, usiguse kile. Maelezo hayo hupatikana kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Sebuleni, basi, yule mtoto anayesoma shule inayofundisha kwa Kiingereza huwa mkalimani, na mkalimani ana mamlaka. Tumeshuhudia mkalimani wa umri wa miaka tisa akieleza nusu ya sheria na kuibakiza nusu nyingine mpaka awe ameshinda. Mtafiti wa isimujamii anayetafuta uhusiano kati ya lugha na mamlaka si lazima aende bungeni.

Wala si suala la ushindi tu. Katika mchezo wa kwanza wa mwaka 1998 yalikuwapo mashindano yaliyomtaka mchezaji azungushe kijiti cha pedi kwa kasi, na watoto wengi wa Marekani walitumia kiganja hadi kikachubuka. Mwaka 2000 Nintendo ilikubaliana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York kuwapa wachezaji glavu. Shindano la aina hiyo liliporudishwa katika toleo la Mario Party Superstars la mwaka 2021, lilikuja na onyo la maandishi: usitumie kiganja. Onyo hilo halina faida kwa asiyelisoma.

Je, watoto hawa husemaje wakiwa peke yao? Husema Kiswahili, na husema vizuri. Pedi, gemu na raundi wameyakopa. Zamu, nyota, sarafu na dadu walikuwa nayo. Kituo cha kukanyaga ubaoni wanakiita nyumba, kwa njia ileile waliyoipita wazee wa bao ingawa hawa hawajui kunamua. Mambo mawili ya sarufi yanastahili kutajwa hapa. Kwanza, wahusika wa mchezo huu ni wanyama na vitu vilivyopewa uhai, mmoja wao akiwa na kichwa cha uyoga. Mtoto hasemi uyoga huu umeshinda, bali uyoga huyu ameshinda. Upatanisho wa A-WA unafuata uhai bila kujali umbo la nomino, kama ulivyofuata katika ngano ambamo jiwe husema na mti hujibu. Mtoto hakufundishwa hilo na mwalimu wa sarufi.

Pili, yale mashindano mafupi. Tukitumia kiambishi cha udogo kinachokubalika katika Kiswahili Sanifu tutapata kichezo, neno linalokaribiana mno na kichezeo hata likachanganya; au kijichezo, ambalo masikioni lina harufu ya dharau. Watoto wa Kunduchi husema kamchezo. Tunajua pingamizi. Ngeli ya KA-TU si ya Kiunguja, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji. Hata hivyo, ka- ya udogo imo katika vinywa vya wakazi wa Dar es Salaam wa kila tabaka, wakiwamo walimu wanaoifuta kwa kalamu nyekundu. Msimamo wetu ni kwamba istilahi ya kamchezo iingizwe katika orodha za istilahi ilivyo. Ikiwa Usanifu ulistahimili shupaza na mzungu wa nne, utastahimili na hili.

Jina la aina nzima ya mchezo ndilo gumu zaidi. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya tafrija, ambalo pia lina maana ya chama cha siasa. Mfasiri wa haraka haraka anaweza kutuletea mchezo wa chama, na tukacheka. Karamu inabeba chakula. Sherehe inabeba tukio la arusi au ubatizo. Kinachoelezwa na neno hilo la kigeni si chakula wala tukio, bali ni watu kuketi pamoja, kutaniana, na mchezo kuwa kisingizio cha kuketi. Kwa Waswahili mahali pa shughuli hiyo pana jina, nalo ni baraza. Tunapendekeza bao la barazani. Atakayesema kwamba bao tayari lina maana nyingi mno, yaani mchezo, goli na ubao mkubwa, tunamkumbusha kuwa hakuna mtazamaji wa mpira aliyewahi kutafuta kete golini. Tofauti moja tu inafaa izingatiwe: bao la wazee halina dadu, na ndiyo sababu fundi wa bao huheshimiwa. Katika bao hili jipya, nyota za nyongeza hugawiwa mwishoni, nyingine kwa jambo ambalo mchezaji hakulipanga, na aliyeongoza tangu mwanzo anaweza kunyang'anywa ushindi. Wazee wa Pwani wangeuita huo ubahatishaji, na wasingekosea.

Kuhusu vyombo vyetu, hatuna nia ya kuvibeza. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoingizwa katika TATAKI mwaka 2009, wamefanya kazi ambayo lugha nyingi za Afrika hazijaipata. Lakini rununu ilitungwa na watu wakaendelea kusema simu ya mkononi. Tarakilishi ilikubalika zaidi Kenya huku Tanzania ikibaki na kompyuta. Kushindwa kwa neno la kamati mara nyingi hakutokani na ubovu wake wa kimofolojia, bali na kuchelewa kwake: lilifika wakati watu wameshapata la kusema. Katika michezo uchelewaji huwa mkubwa zaidi, maana watoto hawangoji.

Kwa hiyo tunashauri mambo yafanywe kwa mpangilio wa kinyume. Wanafunzi wa uzamili wa isimu wapelekwe wakarekodi mazungumzo ya mchezo yanapotokea, kwa idhini ya wazazi, kabla ya orodha yoyote kuandaliwa. Wakae Pwani penye bao asubuhi na sebuleni penye pedi jioni, kisha walinganishe: nani anatangaza zamu, kushindwa kunatajwaje, neno la kigeni linaingia likiwa na irabu gani ya mwisho, na wingi wa kamchezo ni tumichezo au vimichezo. Orodha itakayopatikana ipelekwe BAKITA ikiwa tayari imeshachezwa. Huo uyoga wa A-WA nao, ukifuatwa kwa makini pamoja na vivumishi na viwakilishi vyake, unatosha peke yake kwa tasnifu ya uzamili.