Waongozaji wa Sa Pa hawauzi utamaduni

Mwandishi aliyedai kwamba wanawake wa Kihmong wa Sa Pa, kaskazini mwa Vietnam, wanauza utamaduni wao kwa kuongoza watalii amemshitaki asiye na kosa. Barabara kuu ya Hanoi hadi Lao Cai ilifunguliwa 2014. Magari ya nyaya ya kupandia mlima Fansipan yakaanza 2016. Hayo hawakuyaamua wanakijiji. Watalii wangefurika vyovyote vile. Swali ni fedha zao zinaingia mfuko wa nani.

Baridi ya milima ile huruhusu mavuno ya mpunga mara moja tu kwa mwaka. Mama anayelaza wageni nyumbani kwake hupata cha kununulia chakula ghala likiisha. Wengi walijifunza Kiingereza barabarani, wakiwauzia wageni kazi za mikono. Shu Tan alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyekuja kuanzisha Sapa O'Chau, shirika linalofundisha vijana kazi ya uongozaji.

Na huo utamaduni unaodaiwa kufa? Mtazame mama akichora kitambaa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha akikichovya kwenye pipa la nili, tena na tena, hadi vidole vyake vikolee buluu. Nguo hiyo ataivaa mwenyewe sikukuu ya mwaka mpya.

Watoto kuuza bangili saa za shule ni kosa, hilo nakubali kabisa. Lakini dawa yake ni kipato cha mama zao. Ukienda Sa Pa, tafuta mwongozaji wa kijijini, lala kwake, na umlipe mkononi.